Mwaka Nilipomtafutia Liutgard Wazazi

Jumamosi iliyopita tulimzika Papa Mukendi, fundi cherehani wa Bertrams, Johannesburg. Katika karatasi ya ibada iliyogawiwa mlangoni, chini ya picha yake akiwa amevaa suti ya kahawia aliyoishona mwenyewe, jina langu lilikuwa limechapwa kwenye safu ya watoto wa ndugu: Daudi, mtoto wa marehemu Tshibangu. Nililisoma nikiwa nimesimama, watu wakinipita kwenda kutafuta viti, na mama mmoja wa kanisa akanishika mkono akasema, "Pole, Papa Daudi, umebakia weye sasa." Nikamwambia asante. Mimi si mtoto wa Tshibangu. Sijawahi kumwona hata katika picha. Aliyelijua hilo pamoja nami ndiye aliyekuwa amelala ndani ya sanduku. Najua kwamba anayeandika kumbukumbu huanza kwa kusema alizaliwa wapi, baba yake nani, mama yake nani, walifuga nini. Mimi nitaruka hapo kwa sasa. Mwaka ule pia niliruka hapo, na yote ninayoyajutia yalitokana na kule kuruka.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Shule niliiacha darasa la tano, na tangu hapo nilikuwa nimelala katika miji mingi kuliko vitabu nilivyomaliza, ingawa nilisoma kila kilichoandikwa: magazeti ya kufungia vitumbua, maelezo ya dawa ya panya, barua za watu zilizookotwa. Johannesburg nilifika kutoka Malawi na nikapanga chumba nyuma ya nyumba ya Papa Mukendi, mtaa wa pili kutoka uwanja wa mpira. Siku za mechi kelele za uwanjani ziliingia hadi ndani ya sufuria. Chumba changu kilikuwa na kitanda, ndoo mbili na dirisha lililotazama ukuta, hivyo nilikuwa nikishinda chumba cha mbele, kwenye cherehani. Hapo ndipo palipokuwa na maisha. Wanawake wa Lubumbashi na Likasi walikuja kupimwa nguo za kanisani, wakaketi zaidi ya ilivyohitajika, wakasema watu. Papa Mukendi alishona huku akisikiliza, pini mdomoni, na walipokwisha kuondoka alizitoa pini moja moja na kuniambia yupi amesema uongo. Mchana tulikula bukari, ule ugali wao, na sombe ya majani ya muhogo kutoka sahani moja. Alikuwa mjane, hana mtoto. Alikuwa na ndugu mmoja tu, huyo Tshibangu, aliyevuka ziwa kwenda Kigoma wakiwa vijana, na habari zake zikakatika. Kila alipojua kwamba mgeni amepitia Kigoma, alimuuliza: hukumwona mtu mrefu, ana kovu kwenye nyusi? Mimi aliniuliza siku ya kwanza, kabla hajaniuliza kama nitaweza kulipa kodi.

Kazi yangu ilikuwa kupaka rangi na kundi la Wamalawi. Mwanzoni mwa mwaka tulipelekwa Randburg, ghorofa ya tatu, kwenye nyumba ya bibi mmoja Mjerumani aliyeishi peke yake. Kabla hatujagusa ukuta ilibidi tuhamishe maboksi, na maboksi yale hayakuwa na mwisho. Nilipokuwa nimebeba moja nikamwambia mwenzangu kwa Kiswahili chepesi, maana yeye alikuwa akikisikia kidogo, "Huyu bibi amehifadhi hukumu za dunia nzima." Sauti ikatoka jikoni: "Weka chini! Pole pole! Hapana vunja!" Kilikuwa Kiswahili, lakini chote kilikuwa amri. Alizaliwa kwenye shamba la kahawa la baba yake kaskazini mwa Tanganyika, na lugha alijifunza kwa kusikia watu wakitumwa. Alijua lete, ondoa, chota, funga. Hakuwa na neno hata moja la kuuliza. Nilimwita Mama Gerda, na nadhani kilichomfanya aniite nirudi baada ya rangi kukauka ni kwamba mimi nilikuwa na maswali tu. Nikarudi siku tatu kila wiki, kumpangia maboksi yake na kumsomea majina kwa sauti, kwa kuwa macho yalikuwa yameanza kumwacha. Saa nne tulikula mkate mweusi mgumu, mafuta ya nguruwe na matango ya siki, tukiwa tumekaa katikati ya karatasi, na kila mara alinilazimisha kunawa mikono kwanza kwa ajili ya karatasi, si kwa ajili ya chakula.

Maboksi yote yalikuwa ya mwanamke mmoja. Aliitwa Liutgard, aliishi Ujerumani karibu miaka elfu moja iliyopita, na aliolewa na kabaila mwenye ngome na misitu. Ukoo wa Mama Gerda ulijihesabu kuwa uzao wake. Mume wake alijulikana, watoto wake walijulikana, hata farasi aliowapa watawa walikuwa wameandikwa. Jambo lisilojulikana lilikuwa moja: alikuwa binti wa nani? Mtawa mmoja, aliyeandika miaka mia baada ya kifo chake, alisema baba yake alikuwa mtawala wa jimbo zima, karibu sawa na mfalme. Ukoo ulilipenda neno hilo. Lilikuwa limechongwa kwenye jiwe kanisani kwao. Mama Gerda peke yake hakuliamini. "Mtawa yule," alisema, na hapo tulikuwa tumekwisha kupata Kiswahili cha kati, changu na chake, "si mtu mbaya. Alikula mkate wa wajukuu wa Liutgard. Anataka kuwapamba. Lakini mimi nataka mama yangu, sitaki pambo." Alimwita mama yake, mtu wa miaka elfu. Njia yake ya kumtafuta ilikuwa ni majina. Watu wale, alinieleza, hawakuwa na majina ya ukoo. Walimpa mtoto jina la babu au bibi, upande huu kisha upande ule, na ukiyapanga majina ya watoto unaweza kujua mama yao alitoka nyumba gani, kama vile unavyojua maji yametoka mlima upi kwa kuyaonja. Wana watatu wa Liutgard walibeba majina ya upande wa mume. Hapo njia ilifungwa, na ilikuwa imefungwa kwa miaka thelathini.

Mimi nilicheka. Nilimwambia, "Mama, hiyo siyo siri. Hata kwetu ni hivyo. Na waliokufa wachanga?" Akaniuliza wachanga gani. Nikasema mwanamke yeyote wa zamani lazima alizika. Nikamwambia mama yangu mzazi alizika wawili, hawakufikisha hata miezi sita, nao walikuwa na majina, na mmoja alipewa jina la mama yake mama kwa sababu wakubwa wote walikuwa wamepewa majina ya upande wa babu. Kisha akasema neno lililokuwa bado ni amri, lakini lililotetemeka kidogo: "Lete boksi la wafu." Ndani yake mlikuwa na nakala za kitabu cha watawa wa kike, kalenda ya mwaka mzima, na kila siku imeandikwa majina ya marehemu wa kuombewa siku hiyo. Tulikisoma kwa wiki tano. Mimi nilitamka, yeye alisahihisha. Ilikuwa mwezi wa tano, hita ya gesi inanuka kati yetu, nilipotamka mstari uliosema Oda, mtoto, binti wa Liutgard. Oda hakuwa jina la upande wa mume. Halikuwa pia la nyumba ya yule mtawala mkubwa. Lilikuwa jina la bibi wa familia moja ndogo ya pembeni mwa kinamasi, watu wenye kinu kimoja cha kusagia na mashamba ya maji. Mama Gerda alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. "Binti wa kinu," alisema kwa Kijerumani, kisha akanitafsiria. Alilia, na alikuwa na furaha kama mtu aliyeletewa mtoto.

Wakati huohuo nilikuwa nimempenda Esther. Alisuka nywele Rosettenville, alikuja kwa Papa Mukendi kuchukua sketi ya mama yake, na akaondoka bila sketi kwa sababu tulizungumza hadi akaisahau. Baba yake alikuwa mlinzi kwenye maghala na mzee wa kanisa, mtu wa Likasi, mpole, asiyependa haraka. Alinitumia ujumbe kwamba sina ubaya, ila aje mtu aseme mimi ni wa nani. Hili halikuwa gumu kwa watu wa kwetu mjini hapa. Wengi hawakuwa na jamaa karibu, basi kulikuwa na desturi: unamwomba mzee anayekufahamu akusimamie, naye akifika kwa wakwe hufungua kwa kusema, "Nimesimama mahali pa baba yake." Maneno hayo yakishasemwa kila mtu anajua ni mzee wa kuazima, hakuna anayedanganywa, na mambo yanaendelea. Nilimwomba Papa Mukendi. Alikuwa akikata kitambaa. Aliendelea kukata hadi mwisho wa mstari wa chaki, akaweka mkasi. "Mahali pa papa yako," alisema. "Na papa yako ni nani? Batauliza jina." Nikamwambia ukweli ambao sikuwahi kumwambia mtu tangu niliposhika njia: kwamba mama yangu, Nyamizi, alinizaa nyumbani kwa wazazi wake, hakusema na nani, na nilipokuwa mkubwa wa kutosha kutukanwa kwa jambo hilo niliondoka. Papa Mukendi hakusema pole. Alisema, "Weye unakosa papa. Miye nakosa mutoto ya ndugu yangu. Ile siku tutavaa suti." Nilielewa alichonipa. Nilipaswa kusema hapana mchana uleule, chaki ikiwa bado mezani.

Sebule ya wakwe ilijaa hadi kwenye ngazi. Walituweka kwenye sofa la ngozi, soda mkononi, na baba yake Esther akauliza kwa utaratibu, "Huyu kijana tunamupenda. Sasa, bantu yake ni banani?" Papa Mukendi akasimama na suti yake ya kahawia. Nilisubiri yale maneno ya desturi. Akasema, "Huyu ni damu yangu. Ni mutoto ya Tshibangu, ndugu yangu ya tumbo moja." Shangazi mmoja wa Esther, mnene, mcheshi, akapaza sauti kutoka mlangoni: "Eh, damu yako namna gani? Kiswahili yake iko ya redio! Anasema 'tafadhali', anasema 'samahani'!" Watu wakacheka. Papa Mukendi akajibu bila kugeuka, "Amekulia Kigoma, mama. Kule hata mbuzi, kabla ya kukula muhogo yako, inasema 'tafadhali'." Wakacheka zaidi, shangazi akapiga makofi, akasema huyo mkwe tumempata, angalau atatuomba radhi. Kisha Papa Mukendi akasimulia: Tshibangu alivyovuka, kovu kwenye nyusi, alivyooa ng'ambo, alivyokufa akimtaja kaka yake. Alieleza kifo ambacho hakuna aliyemwambia. Machozi yalimtoka, na yalikuwa ya kweli. Baba yake Esther alinigeukia. "Ni hivi, mwanangu?" Nikasema, "Ndiyo, Papa." Miaka mingi baadaye, tulipokuwa tumekwisha kuachana mimi na Esther, mzee yule aliniambia katika mazungumzo mengine kabisa kwamba kijana asiye na baba hakuwahi kumsumbua, kwani yeye mwenyewe alilelewa na mjomba. Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai. Nilikimaliza, nikaomba kingine, maana sikujua nifanye nini na mikono yangu.

Randburg mambo yalikuwa moto. Mama Gerda aliwaandikia jamaa zake Ujerumani kuhusu kinu, na barua ikarudi kutoka kwa kaka yake. Alinisomea akiitafsiri: kwa nini unatushusha, umri huu, na nani atafuta maneno yaliyochongwa? Nilimuuliza kwa nini asiache. Mtawa aliwapa heshima, hakuna aliyeumia. Nilikuwa nikimuuliza kwa ajili yangu, lakini hakujua. Alikata mkate akanipa kipande. "Yuko mmoja ameumia," alisema. "Mama wa Liutgard. Kila mwaka watu wanasoma kwamba mama yake ni mke wa mtawala. Na yule aliyemzaa kwa uchungu, mke wa kinu, yuko wapi? Wamemtoa nje ya mlango." Nilitafuna mkate ule mpaka ukawa uji. Sentensi ilikuwa tayari mdomoni: Mama, hata mimi nimemtoa mtu nje ya mlango. Simu yake ikalia, ilikuwa duka la dawa, na alipomaliza kuzungumza nilikuwa nimekwisha kubeba boksi jingine.

Mtoto alizaliwa mwezi wa kumi na moja, msichana. Desturi ya upande wa Papa Mukendi ni kwamba msichana wa kwanza huchukua jina kutoka kwa watu wa baba. Tulikuwa wodini, mwanga wa asubuhi umejaa kitandani, Esther amechoka na ni mzuri, na aliniambia, "Sema jina la kwenu." Nyamizi. Lilikuwa jina fupi, lingetoka kwa pumzi moja. Papa Mukendi alikuwa amesimama miguuni mwa kitanda, kofia mkononi. Akasema kwa sauti ya chini, kama anayeomba kiti, "Mama yetu aliitwa Kapinga." Alikuwa akinitazama. Katika macho yale hapakuwa na hila yoyote. Nadhani alikuwa amekwisha kusahau kwamba tulikubaliana kitu. Nikasema, "Kapinga." Akamchukua mtoto akamwita kwa jina la mama yake mara nyingi sana, na mimi nikafurahi kwa ajili yake, na furaha hiyo ndiyo niliyoitumia kujifichia.

Nilimpelekea Mama Gerda picha. Alikuwa amekwisha kuuza nyumba, anahamia kwa mwanawe ng'ambo, na maboksi yalisimama yamefungwa kamba. Alisema ana zawadi. Alitoa karatasi nzito ya krimu, wino na kalamu ya nibu, akachora mti kwa rula: mtoto chini, wazazi juu yake, mababu juu yao. "Kaa. Sema majina. Pole pole." Kwa upande wa Esther nilisema yote. Kwa upande wangu nikasema Tshibangu, na juu yake Kapinga. Kalamu ikasogea kwenye kisanduku kilichobaki. "Mama yako," alisema. "Yule aliyezika wawili." Kumbe alikumbuka. Kama ningesema Nyamizi angeuliza papo hapo kwa nini mtoto haitwi hivyo, kwa kuwa majina yalikuwa kazi yake, na kila kitu kingefumuka, sebule ya wakwe, suti, machozi ya mzee. Nikasema, "Silijui jina lake. Sisi tulimwita Mama tu." Mwanamke huyu hakumwamini mtawa, hakumwamini kaka yake, hakuliamini jiwe. Aliniamini mimi. Akaandika kwa mkono wake mzuri: haijulikani. Akapuliza wino, akanigusa bega. "Si aibu, Daudi. Tunaandika hivyo ili mtu aendelee kutafuta." Miaka miwili baadaye kijitabu chake kilifika kwa posta, na ukurasa wa kwanza kulikuwa na shukrani kwa Daudi wa Johannesburg, aliyeuliza habari za watoto wachanga. Barua ya mwanawe iliyokuwa ndani ilisema amefariki. Sikumjibu. Wakati huo nilikuwa nimeshaanza tena safari zangu, Durban, Maputo, Windhoek, nikirudi na kuondoka, mpaka Esther akachoka kunifungulia.

Kapinga sasa ana miaka ishirini na mitatu. Kiswahili anakielewa chote, ila hujibu kwa Kizulu au Kiingereza, na kwangu huchanganya kwa huruma. Jumamosi, baada ya makaburini, nilimkuta jikoni mwa ukumbi wa kanisa Rosettenville, mikono ndani ya sinki, anaosha masufuria ya sombe. Yeye ndiye aliyebeba picha ya Papa Mukendi mbele ya msafara, kama mjukuu mkubwa. Nilichukua kitambaa nikaanza kukausha. Akaniambia ana mimba ya miezi minne. Akasema wameona ni msichana, na mwenzake amekubali jina litoke upande wake. "Kwenye ile karatasi ya ukutani kwa Mama," alisema, "kisanduku cha bibi kimeandikwa haijulikani. Eish, Baba, sijawahi kuelewa. Mtu hajui jina la mama yake? Mimi nataka kumpa mtoto hilo jina. Hebu jaribu kukumbuka."

Nikamwambia. Nilimwambia nikiwa nakausha sufuria lilelile, kutoka chumba cha mbele Bertrams hadi wodini, na sikuacha kitu isipokuwa macho ya Papa Mukendi, ambayo sikujua namna ya kuyasema. Maji yalitiririka bila kazi hadi nilipomaliza. Hakunigombeza. Alifunga bomba. "Nyamizi," alisema, akilijaribu. Kisha akauliza alikuwa mtu wa namna gani. Nikasema alikuwa mwembamba, na alikuwa na tabia ya kuimba nusu ya wimbo tu. Akauliza alikufa lini. Nikasema nilisikia kwa mtu aliyesikia kwa mtu, nilipokuwa Windhoek.

"Alizikwa wapi?"

"Sijui."

"Nani alimzika?"

Nilianza kuwapitia mmoja mmoja, wale niliowaacha nikiwa na miaka kumi na minne, na kila niliyemfikia nilijikuta sikumbuki sura yake. Nikasema sijui hilo pia. Naujua mwezi na siku ambayo watawa walimwombea Oda, mtoto wa binti wa kinu, na wanakinu wanne kwa majina.

Ukumbini walikuwa wakiita maji ya kunawa, watu wameshaketi. Kapinga alichukua birika na beseni, akasimama kidogo mlangoni akinipa mgongo, kisha akatoka kwenda kuwanawisha wazee wa ukoo wa Mukendi waliosafiri kuja mazikoni, akianza na aliyekuwa mkubwa kuliko wote.